Mtoto kazaliwa na mguu kifundo: jinsi ya kuukagua, kuutibu na kuulinda usirudi

Nianze na kitu ambacho natamani mtu angeniambia siku ya kwanza palepale wodini: mguu kifundo, yaani mguu ambao mtoto anazaliwa nao umegeukia ndani, unatibika, unatibika bila operesheni kubwa, na matibabu yenyewe ni plasta (zile ngumu za hospitali, kama za mtu aliyevunjika) za wiki chache halafu viatu maalum vya miaka minne. Hiyo ya viatu ndo inatushinda wengi. Plasta kila mtu anaona zinafanya kazi, mguu unanyooka mbele ya macho yako wiki hadi wiki, lakini viatu unamvalisha mtoto ambaye mguu wake tayari umenyooka na hapo moyo unaanza kukuambia yameisha, kumbe ndo kwanza. Kwa hiyo nikiandika kirefu sana kuhusu viatu mnivumilie, nimekusudia.

Mwanangu wa pili alizaliwa miguu yote miwili imegeukia ndani, nyayo zinatazamana. Nesi wa zamu akanipa moyo kwamba nikifika nyumbani nimkande na maji ya moto asubuhi na jioni itanyooka, bibi yake akaleta mafuta ya nazi, nikakanda wiki tano nzima na mguu haukusogea, ukiuachia tu unarudi palepale kama mpira. Wiki tano zile zinaniuma mpaka leo, maana mtoto anaweza kuanza plasta akiwa na wiki moja au mbili tu, kipindi ambacho mguu wake bado laini kweli kweli.

Na kabla sijaendelea, mama unayesoma hii usiku umemlaza mtoto pembeni, naomba nikuambie. Hukukaa vibaya ukiwa mjamzito. Hukumcheka mlemavu. Sio mwezi uliopatwa, sio mtu kakutupia kitu, sio uzazi wa mpango uliotumia. Takriban mtoto mmoja katika kila 1,000 anazaliwa hivi, Dar, Mombasa, London, popote, watoto wa kiume ni kama mara mbili ya wa kike, na karibu nusu yao wanakuwa nayo miguu yote. Inaweza ikatembea kwenye ukoo, na inaweza ikatokea nyumba ambayo haijawahi kuiona. Baba mtoto naye asome hapa, kwa sababu nimekaa kwenye benchi la kliniki na wanawake ambao waume zao waliondoka kwa sababu ya mguu ambao wiki nane baadaye ulikuwa umenyooka.

Jinsi ya kukagua nyumbani

Mlaze mtoto chali akiwa ameshiba, mvue kila kitu, washa taa au sogea dirishani. Mguu kifundo una mambo manne yanayokuja pamoja: sehemu ya mbele ya mguu imeingia ndani, unyayo umejikunja katikati mpaka kuna mkunjo mmoja mkubwa kama umechorwa, kisigino kimelalia ndani, na mguu mzima umechongoka kuelekea chini yaani kisigino kimepanda juu, na nyuma yake pia kuna mkunjo. Bonyeza kisigino taratibu kwa kidole gumba. Cha mguu wa kawaida unausikia mfupa hapo hapo, kama umebonyeza kidevu, lakini cha kifundo ni laini kama shavu, kitupu, kwa sababu mfupa umevutwa juu na mshipa wa nyuma.

Halafu ushike mguu, jaribu kuuleta katikati, polepole, usilazimishe. Ukija wote, ukanyooka, na ukaweza kupanda juu kuelekea kwenye ugoko, basi huo ulijikunja tu kwa kubanwa tumboni na mara nyingi unakaa sawa wenyewe, ila bado muonyeshe daktari akuthibitishie. Ukigomea njiani, huo ni kifundo, na hakuna kukanda kutakakounyoosha. Sio kwamba kukanda ni dhambi. Shida ni kwamba kukanda kunakula muda na kunakupa matumaini ya uongo.

Ukimaliza miguu, mgeuze umwangalie mgongo chini karibu na makalio, kama kuna uvimbe, kishimo kirefu au kichaka cha nywele, halafu uangalie mikono na magoti kama yanakunjuka vizuri. Mara nyingi kila kitu kiko sawa na mguu ndo tatizo peke yake. Ila ukiona kimojawapo sema siku hiyo hiyo, kwa sababu mguu kifundo unaoambatana na tatizo la mgongo au la viungo vingi unakuwa mgumu zaidi na unahitaji mpango wake. Nyonga pia mwambie daktari azicheki.

Wengine mnaambiwa mapema kwenye altrasaundi ya ujauzito. Hakuna matibabu ya kufanya mtoto akiwa tumboni, ila faida yake ni kubwa, unatafuta kliniki kabla hujajifungua na unajua siku zao. Na mtoto mchanga akishazaliwa kwa kawaida hahitaji eksirei ya mguu, mifupa yake mingi bado ni gegedu haionekani vizuri kwenye picha, daktari au mtu wa fiziotherapia anaupima kwa macho na mikono. Wanatumia alama za Pirani, daktari Shafique Pirani aliyefanya kazi kubwa ya mguu kifundo kule Uganda. Ishara ni sita, kila moja inapewa 0, nusu au 1, kwa hiyo jumla ni kuanzia 0 mpaka 6 na kubwa ndo mbaya. Omba waandike kila wiki kwenye kadi. Mwanangu alianza na 5.5 kulia na 5 kushoto, na kuona namba ikishuka kulinisaidia sana zile wiki ambazo kwa macho yangu nilikuwa sioni tofauti.

Sio kila mguu uliopinda ni kifundo

Hapa nitapita haraka ila usiruke, kwa sababu watu wanachanganya. Kuna mtoto mguu wake umekunjamana kwenda juu, mgongo wa mguu unagusa ugoko, huo unaonekana wa kutisha ila karibu mara zote unashuka wenyewe miezi ya mwanzo (nyonga zichekiwe tu). Kuna ambaye vidole na sehemu ya mbele vimeingia ndani lakini kisigino kiko sawa na mguu unapanda na kushuka vizuri, wengi wao unanyooka bila kitu ndani ya mwaka wa kwanza. Nyayo bapa: watoto wadogo wote wana nyayo bapa jamani, uvungu unajijenga taratibu, mwambie asimame kwa vidole, uvungu ukitokea na haumwi basi mwache acheze pekupeku, usitupe hela kwenye viatu vya gharama. Nyayo bapa ngumu isiyobadilika hata akisimama kwa vidole, au inayouma, hiyo peleka. Kutembea kwa ncha za vidole, anayejifunza kutembea ni kawaida, lakini akipita miaka mitatu bado, au ni mguu mmoja tu, au kisigino hakishuki kabisa hata ukimsaidia, aonwe, inaweza kuwa misuli au mishipa ya fahamu.

Mkubwa wa miaka 8 mpaka 14 anayecheza mpira na kulalamika kisigino, ukikibana pande mbili anaruka, mara nyingi ni sehemu ya mfupa inayokua imechoshwa, apumzike mpira, aweke barafu, anyooshe misuli ya nyuma ya mguu, avae kiatu chenye soli laini, itapita akimaliza kukua. Aliyeteguka kifundo cha mguu halafu hawezi kupiga hata hatua nne, au ukibonyeza mfupa wenyewe ndo anapiga kelele, asipelekwe kwa mkandaji, apigwe picha, kwa sababu mtoto ncha za mifupa yake bado zinakua na panaweza kuvunjika paonekane kama pameteguka tu.

Mambo ya kukimbilia hospitali leo leo: mtoto anachechemea au hataki kukanyaga na ana homa, hasa mwenye sikoseli, maana inaweza kuwa usaha ndani ya mfupa au kwenye jointi. Mguu uliokuwa mzima ukalegea ghafla, hiyo ni lazima aonwe na iripotiwe kwa sababu ya polio. Na mguu ulioanza kuburuza vidole baada ya sindano ya tako, hiyo ni kwamba mshipa wa fahamu umeguswa, nimeona watoto wa namna hii kliniki na roho iliniuma. Mtoto mdogo sindano ya msuli inachomwa paja kwa upande wa nje, una haki ya kuuliza kabla hajachomwa.

Turudi kwenye mguu kifundo.

Plasta

Njia inayotumika sasa dunia nzima ni ya Ponseti. Ignacio Ponseti alikuwa daktari wa Kihispania aliyezaliwa 1914 kisiwa cha Menorca, akahamia Marekani akafanya kazi chuo kikuu cha Iowa, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 akawa ananyoosha miguu hii kwa mkono na plasta wakati wenzake wanapasua. Ilichukua miaka mingi watu kumwelewa. Waliopasuliwa operesheni kubwa utotoni wengi ukubwani miguu yao ikawa migumu na inauma, wa kwake wakawa wanatembea vizuri. Siku yake ya kuzaliwa, Juni 3, ndo leo inaadhimishwa kama siku ya mguu kifundo duniani.

Tafuta kliniki inayofanya Ponseti, na uliza kwa jina hilo hilo. Dar kuna CCBRT pale Msasani, Kenya kuna CURE Kijabe, Uganda kuna CoRSU kule Kisubi, na hospitali kubwa za mikoa nyingi zina siku maalum ya miguu kifundo. Piga simu kwanza uulize siku na uulize gharama, sehemu nyingi kuna wafadhili wanaolipia plasta na viatu, usikae nyumbani kwa kuogopa bei ambayo hujaiuliza.

Siku yenyewe inakuwa hivi. Mtoto anapakatwa, ananyonya au anapewa chupa, na hiyo ni sehemu ya tiba kabisa kwa sababu mtoto akilia anakaza mguu. Mtaalamu anaushika mguu anaukanda kidogo, halafu anaweka kidole gumba juu ya kijifupa kimoja kinachotokeza kwa nje mbele ya kifundo cha mguu, hapo ndo anapata egemeo, na kwa mkono mwingine anaizungusha sehemu ya mbele kwenda nje taratibu. Mi nilikuwa nimekaa karibu nikamtazama sana yule dada mikono yake, hakuna nguvu pale, ni kama mtu anafungua kifuniko cha chupa anayoogopa kuimwaga. Plasta ya kwanza inanyoosha ule mkunjo wa unyayo, na ndo inayoshangaza wengi kwa sababu mguu unaonekana bado umeelekea chini. Zinazofuata zinaupeleka nje kidogo kidogo mpaka unafika kama digrii 60 hadi 70. Kisigino kinafuata chenyewe.

Plasta inatoka kwenye vidole mpaka juu pajani, goti limekunjwa. Ukikuta mtu anamfunga mtoto plasta fupi ya chini ya goti uliza kwa nini, maana plasta fupi inachomoka na mguu unajizungusha ndani yake. Inabadilishwa kila siku 5 mpaka 7, na kawaida zinakuwa nne hadi saba. Wiki moja usipoenda haimaanishi umesimama palepale, mguu unaanza kurudi.

Nyumbani kazi yako ni vidole. Usiku ule wa kwanza niliamka kama mara sita nikimulika na simu. Bonyeza kidole gumba cha mguu kinakuwa cheupe, ukiachia rangi irudi ndani ya sekunde mbili tatu, na vidole viwe vya moto. Vikiwa vya bluu, vyeupe, baridi, vimevimba, au mtoto analia kilio ambacho nyonyo halikitulizi, usisubiri asubuhi, nenda hospitali, na kama ni mbali na hakuna njia loweka plasta uitoe mwenyewe. Weka alama kwa kalamu pale vidole vinapoishia, siku ukiona vidole vinazama ndani ujue plasta imeteleza. Plasta iliyoteleza ni mbaya kuliko kutokuwa na plasta kwa sababu inabana mguu sehemu isiyo sahihi, ivuliwe. Harufu mbaya, unyevu, homa isiyoeleweka, hayo pia ya kuonwa.

Kuoga ni kufuta na kitambaa, hamna beseni. Nepi ikae juu zaidi ya ukingo wa plasta, isiingie ndani, ndo mkojo unapopitia. Mlaze na kanga iliyokunjwa chini ya mashavu ya miguu, visigino vielee visikandamizwe na uzito wa plasta. Siku ya kubadilisha, kliniki nyingine zinataka uiloweke nyumbani asubuhi hiyo hiyo kabla ya kutoka, sio usiku, maana saa nyingi bila plasta mguu unarudi. Maji ya uvuguvugu na siki kidogo, funga taulo lililolowa, iache ilainike huku ananyonya, halafu fungua kama bandeji kutoka juu. Na hiyo ni nafasi yako pekee ya kumwogesha vizuri, mi nilikuwa nafurahia hizo dakika utadhani sikukuu.

Kukata mshipa

Watoto wengi, zaidi ya nane katika kumi, kisigino kinabaki kimepanda hata mguu ukishanyooka, na hapo mshipa mnene wa nyuma ya kisigino (sio wa damu, ni ule unaounga msuli na mfupa wa kisigino) unakatwa. Nilipoambiwa "tutamkata" nililia mpaka nesi akanishika mkono. Jamani ni kitu kidogo sana. Ganzi ya hapo hapo, tundu ambalo hata nyuzi haliwekewi, dakika chache, plasta ya mwisho inawekwa na hii inakaa wiki tatu bila kubadilishwa. Ndani ya hizo wiki tatu mshipa unajiunga tena ukiwa mrefu kidogo kuliko mwanzo. Utaona doa la damu kwenye plasta, lizungushie kalamu, likibaki hapo hapo ni sawa, likikua rudi. Ukiambiwa kwamba mtoto anahitaji kukatwa usikatae, maana bila hivyo kisigino hakishuki, na kiatu hakitakaa, na kiatu kisipokaa yote yaliyopita ni bure.

Viatu, sasa

Siku plasta ya mwisho inatolewa mguu umeelekea nje sana na unapanda juu sana kuliko wa kawaida. Usiogope, unatakiwa uwe hivyo, utarudi katikati wenyewe. Siku hiyo hiyo, sio kesho, anavalishwa viatu viwili vilivyoungwa na chuma. Mguu uliokuwa na kifundo unatazama nje digrii 60 mpaka 70, kama mmoja ni mzima huo wa 30 mpaka 40. Upana wa chuma ni sawa na mabega ya mtoto. Kwetu vingi ni vya aina ya Steenbeek, vilianzia Uganda kwa Michiel Steenbeek ambaye alivibuni ili fundi viatu wa kawaida aweze kuvitengeneza kwa ngozi na chuma kinachopatikana hapa hapa. Vina tundu nyuma kwenye kisigino. Hilo tundu ndo rafiki yako, kila ukimvalisha chungulia pale, uone kisigino kimekaa chini. Usipokiona, kimepanda, vua uanze upya.

Ratiba: miezi mitatu ya kwanza masaa 23 kwa siku, lile moja ni la kuoga na kunyoosha viungo. Baada ya hapo usiku kucha na usingizi wa mchana, masaa 12 mpaka 14, hadi afike miaka minne, na wengine wanasema mitano. Mchana anavaa viatu vya kawaida, anatambaa, anasimama, anatembea kama wenzake. Havitamchelewesha kutembea kwa kiasi cha kukutia wasiwasi.

Namna ya kuvaa. Soksi ya pamba, isiwe na mshono unaochoma, vuta ikae bila mkunjo. Anza na mguu ambao ni mgumu zaidi wakati mtoto hajaanza kurusha wa pili. Kunja goti lake, sukuma kisigino chini na nyuma mpaka kikae, shika ulimi wa kiatu kwa kidole gumba usiteleze, funga mkanda wa kifundo cha mguu kwanza, halafu kamba. Shika ugoko uuvute taratibu juu na chini, vidole vikicheza mbele na nyuma kisigino hakijakaa. Mkanda ukaze kiasi kwamba kisigino hakitoki, usikaze mpaka vidole vikabadilika rangi.

Usiku wa kwanza wa viatu ni mgumu kuliko plasta zote, lazima niseme ukweli. Mtoto amezoea mguu mmoja mmoja sasa anajikuta mmoja ukienda na mwingine unaenda. Analia. Na wewe umechoka, ni saa tisa usiku, mama mkwe anasema mtoto anateswa, unavua "kidogo apumzike". Hapo ndo mguu unaporudia. Akishajua kwamba ukilia vinavuliwa atalia kila siku, watoto wana akili. Badala yake shika kile chuma, kisukume na kukivuta, umfundishe magoti yote mawili yakunjike na kukunjuka pamoja, muimbie, mfanyie mchezo. Wangu siku ya tatu alikuwa anapiga chuma kwenye ubao wa kitanda kama ngoma na anacheka. Kifunike chuma na kitambaa au sponji usije ukapasuliwa mdomo wakati wa kunyonyesha.

Wiki mbili za mwanzo vua mara kwa mara utazame ngozi. Wekundu kidogo unaoisha ni sawa. Wekundu mkali juu ya kisigino, au lengelenge, mara nyingi ni kiatu kilicholegea na mguu unasugua, kwa hiyo jibu ni kukaza vizuri, sio kulegeza. Usipake mafuta pale penye wekundu, ngozi inalainika zaidi na kuchubuka. Kidonda cha kweli piga simu kliniki, watakuambia uvue kwa muda gani, usijipangie mwenyewe likizo ya wiki.

Na kila mtu anayemlea lazima ajue kuvalisha. Baba, dada wa kazi, shangazi, bibi kijijini mnakokwenda Desemba. Watoto wengi ninaowajua walioharibikiwa ni safari. Mnaenda kijijini wiki tatu, viatu vimesahaulika, mkirudi mguu hauingii.

Mguu ukirudi

Unarudi polepole na kwa ujanja. Dalili ya kwanza kabisa mara nyingi ni kisigino kuanza kutoka kwenye kiatu alichokuwa anakaa nacho vizuri. Halafu akitembea unaona anakanyaga ukingo wa nje, soli ya nje ya kandambili inaisha upande mmoja, vidole vinaanza kuingia ndani, kisigino hakigusi chini. Ukiona, rudi mapema, plasta mbili tatu zinaweza kuurudisha na mnaanza viatu tena. Hakuna daktari mwenye akili atakayekugombeza, na akikugombeza vumilia, mtoto ndo muhimu. Akishafika kama miaka mitatu na mguu unajigeuza ndani kila anaponyanyua hatua, kuna operesheni ndogo ya kuhamisha mshipa mmoja wa mbele kuupeleka upande wa nje, inasaidia sana.

Tofauti ambazo sio ugonjwa: shavu la mguu ule litakuwa jembamba kidogo maisha yake yote na unyayo unaweza kuwa mfupi kwa saizi moja hivi. Hiyo ni ya kawaida, ataruka kamba, atacheza mpira.

Na wewe mwenye mtoto wa miaka miwili, mitano, hata nane ambaye hakuwahi kutibiwa na anatembelea mgongo wa mguu, usisikie hadithi za watoto wachanga ukakata tamaa. Njia hiyo hiyo ya plasta inatumika kwa wakubwa, zinakuwa nyingi zaidi, pengine na operesheni juu yake, ila miguu mingi inafikia kukanyaga bapa. Mpeleke.

Wangu sasa hivi ana miaka minne na miezi. Kila Jumapili baada ya kuoga namwambia achuchumae kama anachuma mchicha, pekupeku, kwenye sakafu ya saruji, mi napiga magoti nyuma yake nachungulia visigino. Vyote viwili vikiwa vimelala chini na ameweza kutulia bila kuangukia nyuma, mguu bado unapanda vizuri. Na wewe fanya hivyo, mpaka akue. Siku kimoja kikinyanyuka, hata kwa upana wa kidole, usisubiri tarehe ya kwenye kadi, Jumatatu asubuhi uwe kliniki.